Honi ya Gari la Baba

Usiku huo nililala na harufu ya kutu mikononi. Mchana kutwa nilikuwa nimehangaika na honi ya gari la marehemu baba, lile la zamani lenye umbo la kobe, ambalo kaka yangu Athumani alitaka limbebe binti yake siku ya harusi. Nilibadilisha fyuzi, nikasugua kutu kwenye betri, honi ikabaki kimya. Baba alifia ndani ya gari hilo, kwenye kona za Soni, alipokutana na lori. Msibani Athumani aliwaambia watu kwamba mzee akili ilishachoka, hata honi hakupiga. Mama akaamini.

Nikamwona baba amesimama uani, jua limeshawaka. Amevaa ovaroli yake ya kazi, na kifua kimebonyea pale usukani ulipompiga.

"Shikamoo, baba."

Akaninyooshea taa ya kupimia umeme. "Pima," akasema.

Nikapima kama alivyonifundisha nilipokuwa msichana. Taa ya kupimia ikawaka kwenye fyuzi, ikawaka tena kwenye honi. Nikachukua kipande cha waya, nikaunganisha upande wa pili wa honi na bodi la gari. Ikalia hadi kuku wakatawanyika.

"Honi ni nzima," nikasema. "Umeme unafika. Kasoro iko kwenye usukani."

Akacheka kicheko ambacho hakuwa nacho alipokuwa hai. Tayari tumo ndani ya gari, mimi nimeshika usukani, barabara inateremka mbele yetu. Lori linachomoza kwenye kona. Baba ananishika mkono, anaukandamiza katikati ya usukani.

"Bonyeza."

Nabonyeza. Kimya. Dereva wa lori amegeuka anazungumza na utingo wake, hatazami barabara. Nabonyeza kwa viganja vyote viwili. Kinakuja kishindo, na kifua changu kinavunjika. Naisikia mifupa ikiachana.

Tuko tena juu ya mteremko.

"Bonyeza."

"Baba, basi. Nakuomba."

"Mimi nani aliniambia basi?"

Lori linakuja. Sijui tuliteremka mara ngapi. Kila mara ananitazama usoni, hanionei huruma, kama mtu anayesubiri mwanafunzi mzito aelewe. Mwishowe anabandua kifuniko cha katikati ya usukani kwa kucha zake. Ndani, waya wa honi umekatwa, ncha yake imeviringishwa utepe. Usukani ule mpya aliufunga Athumani mwenyewe, juma lile lile tulilomzika baba, siku mbili kabla ya ajali.

"Mwambie kaka yako nilipiga," akasema. "Umwambie mbele ya mama yenu."

"Mama ataumia, baba."

"Na aumie."

Nikaamka nimejishika kifua. Kulikuwa kumekucha. Nikatoka na bisibisi, nikafungua kifuniko cha usukani. Waya ulikuwa umekatwa, umeviringishwa utepe, vilevile.

Athumani akaja na kikombe chake cha chai, akaona nilichoshika. Hakuuliza ni nini.

"Baba alinijia," nikamwambia. "Anasema alipiga."

Akaweka kikombe chini. Akanisogelea, akashusha sauti.

"Dada, usije ukamwambia mama."

 Nilikuwa namtazama mama, aliyekuwa amesimama mlangoni nyuma yake.