Inspekta Anayeuliza Nguo

Nitaisifu seri ile ya televisheni mpaka mnichoke. Ni ya polisi, ya Ulaya; midomo inasema lugha yao, sauti inatoka Kifaransa. Hakuna magari kufukuzana, hakuna risasi. Inspekta wake ni mzee mwenye koti lililochakaa na tumbo linalomtangulia. Anafika kwa mama aliyepotelewa, anafuta viatu mlangoni, anaketi. Kisha anauliza kwa upole: siku ile mtoto wako alivaa nini? Kila sehemu lazima aulize hivyo, na kila mara nywele zinanisimama.

Mama yangu hajui Kifaransa. Ameuza samaki wakavu sokoni Kampemba maisha yake yote, na pale Kiswahili kinatosha. Basi mimi humtafsiria, sahani ya bukari, ugali wetu, mapajani, na ole wangu nikitafuna wakati inspekta anasema.

"Meza, useme!" ananikemea. "Anasema nini?"

Swali la nguo, lakini, nililitafsiri mara moja tu. Alilishika. Sasa inspekta akiuliza, mama anaijibu televisheni mwenyewe: "Shati ya bleu. Mukaba ya baba yake. Sandale."

Shati la buluu, mkanda wa baba, sandali: hivyo ndivyo alivyovaa kaka yangu siku aliyotoka kwenda Naviundu kumwona rafiki yake. Rafiki anaapa hakufika. Nyumbani hakurudi.

Polisi walituambia tulete picha. Tukaleta. Wakasema turudi Jumatatu. Tukarudi, Jumatatu juu ya Jumatatu, mpaka yule wa mapokezi akawa akituona kwa mbali anainamia simu yake. Alivaa nini? Mawee, hakuna hata mmoja aliyeuliza! Nina hasira mpaka leo, na hasira yenyewe haina pa kwenda. Nimpigie nani kelele?

Msidhani mama ni mjinga. Siku moja nilimtania kwamba ataolewa na inspekta, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Najua iko sinema," akasema. "Lakini yeye anaulizaka."

Juzi ikaja sehemu ya mwisho. Inspekta anastaafu. Akakabidhi kitambulisho chake, wenzake wakampigia makofi, mwingine akalia. Nilitafsiri kwa furaha ya kijinga: "Anaenda kupumzika, mama. Amezeeka."

Mama akarudisha tonge kwenye sahani. "Anaenda? Na bale bantu bado kuonekana?"

Alinisomesha kwa samaki wale, Kifaransa kikaniingia mpaka ndotoni, lakini swali hilo la watu ambao hawajaonekana halikuwa la kutafsiri. Kwenye kioo inspekta alikuwa tayari ameshika mlango.

"Mwambie," mama akasema, akinisukuma bega.

"Mama, hasikii."

"Mwambie na Kifaransa, weye njo unajua! Mbele ya kutoka, angali pale!"

Mlango ukafungwa. Majina ya wachezaji yakaanza kupanda. Mama alikuwa bado ananisukuma. Nikapiga magoti mbele ya televisheni, mimi mtu mzima mwenye diploma, nikasema: "Chemise bleue. Ceinture de son père. Sandales."

"Rudilia," mama akasema. "Ulisema chini-chini."