Hatua Arobaini za Bibi Mahla

Huko Babeli, kando ya mfereji, Hogla alikua akisikia maneno yale yale kila bibi yake alipokuwa akisaga shayiri: "Kwetu ni Netofa. Simama penye shinikizo la zabibu la mwambani, elekea jua linakochomoza, hatua arobaini, hapo ndipo kisima chetu." Mjukuu akikosea, hana mkate mpaka ayaseme sawasawa. Bibi Mahla alizikwa ugenini bila kukiona tena kisima hicho.

Hogla alirudi Yuda ana mvi na nyonga mbovu, yeye na mwanawe Asaya. Wazee wa Netofa hawakumung'unya maneno: asiyeonyesha kisima cha baba zake si wa hapa, na jina lake haliandikwi. Wakapewa muda mpaka mvua za kwanza.

Asaya, jitu la miraba minne, alihesabu arobaini kutoka penye shinikizo, akachimba. Mwamba mtupu. Akasogea pembeni. Mwamba. Jirani yao Garebu, mwenye mbuzi wengi na maneno mengi zaidi, alikuja kila asubuhi kuegemea ukuta.

"Chimba, mwanangu, chimba! Ukizidisha kidogo utatokea Babeli."

"Mzee Garebu, ungekuwa na huruma ungetuletea sururu."

"Sururu ninayo. Nisichokuwa nacho ni bibi wa kunidanganya."

Neno hilo lilimchoma Hogla. Mawingu yalikwisha kuanza kutanda upande wa bahari. Aliketi juu ya kifusi akaukumbuka mfereji, tende zikidondoka zenyewe, jiwe la kusagia likinguruma. Ajabu ya moyo: kule aliililia Netofa, na sasa yuko Netofa anaulilia mfereji. Akamkumbuka bibi akisimulia siku ya kutekwa, jinsi alivyotoka kijijini mgongoni mwa shangazi yake, amefungwa kwa shuka.

Akashtuka. Mgongoni!

"Asaya! Tupa hiyo sururu. Mtoto wa kubebwa mgongoni ana hatua gani?"

Miaka yote alikuwa akimwona bibi kizee ndiye anayehesabu, kumbe aliyehesabu ni mtoto. Hogla akashika fimbo, akasimama penye shinikizo. Nyonga ile mbovu haikumruhusu kupiga hatua ndefu, na kwa mara ya kwanza aliishukuru. Moja. Mbili. Arobaini ilimfikisha katikati ya zizi la mbuzi.

"Mama, hapo ni kwangu," Garebu alisema, kicheko kimemkauka.

"Mavi ni yako, baba. Kisima ni changu."

Waliondoa samadi ya miaka na miaka. Chini yake palikuwa na jiwe pana, na chini ya jiwe mdomo wa kisima, ukingo wake umechimbika mifereji midogo kwa kamba za watu waliokuwa wakiteka maji hapo zamani. Garebu aliutazama, akavua kilemba, akaenda mwenyewe kuwaita wazee.

Jina liliandikwa. Mvua ikanyesha, kisima kikajaa. Hogla alikunywa, akayakuta maji matamu, baridi, ila hayana ile ladha ya tope la mfereji aliyoizoea tangu utotoni.

Siku hizi, akisaga shayiri, huwasomesha wajukuu wake: "Kule Babeli, kutoka mferejini hadi mlangoni kwa Bibi Mahla, hatua ishirini na mbili." Kisha huongeza haraka, kabla hawajayashika vibaya:

"Za mtu mzima."