Cheti Kilichoandikwa Uholanzi

Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kuandika karatasi za mboga. Nilikuwa karani katika kampuni ndogo nje kidogo ya Arusha, iliyonunua maharage machanga kwa wakulima wa Meru na kuyapeleka Ulaya. Siyo maharage ya kula na wali. Ni yale membamba ya kijani, yanayochumwa kabla punje hazijajaa, na huku kwetu wengi wakiyaona huuliza kama ni chakula cha watu au cha mbuzi. Asubuhi yalichumwa, mchana akina mama waliovaa makoti mazito waliyachambua ndani ya chumba cha baridi, jioni yakaenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kesho yake yalikuwa Uholanzi. Huko mteja wetu aliyagawa: mengine yalibaki Ulaya, mengine yalipakiwa kwenye lori, yakavushwa bahari hadi Uingereza. Safari yote hiyo ilikwenda kwa cheti kimoja cha afya ya mimea, nami ndiye niliyejaza fomu ya kukiomba.

Mmoja wa wakulima wetu alikuwa mama mkubwa wangu, dada yake mama. Shamba lake liko Kikwe, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake waliotuuzia. Alikuwa mkali kuhusu kipimo. Haragwe lililopinda alilitupa kando mwenyewe, kabla hatujafika na kreti zetu.

Habari ya Waingereza kutaka kutoka kwenye soko la pamoja la Ulaya tuliisikia redioni muda mrefu. Leo wanatoka, kesho wameahirisha, keshokutwa wanabishana bungeni. Tukazoea. Siku moja bosi wangu, mama wa Kichaga mwenye sauti ya taratibu, alisimama mlangoni kwangu na kikombe chake cha chai.

"Hivi haya mambo ya Waingereza yanatuhusu?"

"Hayatuhusu, bosi," nilimjibu. "Wanagombana na majirani zao. Sisi tuko Meru."

Alicheka, akaenda zake. Mimi pia nilijiona nimejibu vizuri.

Hatimaye wakatoka kweli. Mteja wetu wa Uholanzi alituma barua pepe ndefu yenye viambatisho. Niliifungua siku ya kupakia, simu zinalia, dereva ananiulizia karatasi zake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa salamu na shukrani kwa uvumilivu wetu. Nikasema nitaimalizia baadaye. Sikuimalizia. Ukurasa wa tatu ulieleza kwamba mzigo wowote unaokwenda Uingereza sasa lazima uwe na cheti chake chenyewe, kinachotaja Uingereza kuwa ndiko unakokwenda. Cheti cha Uholanzi kingeishia Uholanzi.

Wiki ile nilijaza fomu kama nilivyozoea. Mkaguzi wa serikali alikuja, akafungua katoni, akakagua maharage kwa miwani yake ya kukuzia, akaridhika, akapiga muhuri. Hakuwa na kosa. Alithibitisha kile nilichoomba.

Siku ya tatu mteja akapiga simu. Lori lilikuwa limezuiwa bandarini upande wa pili wa bahari. Alijaribu kuomba, alijaribu kutuma karatasi nyingine, haikusaidia. Mzigo uligeuzwa, na uliporudi Uholanzi maharage yalikuwa yameota madoa ya kahawia. Yalitupwa yote. Ilikuwa kazi ya wiki nzima ya wanawake wa Kikwe.

Nikaenda kwenye kompyuta, nikaitafuta ile barua, nikaisoma mpaka mwisho. Ukurasa wa tatu nilikuwa sijaugusa. Nilipotoka, bosi alikuwa tayari ameshajijibu mwenyewe.

"Ni huo mpaka wao mpya," alisema. "Mteja anasema kila mtu amekwama. Wewe ni mtoto wa kule, nenda Kikwe Jumamosi ukawaeleze. Waambie ni mambo ya Waingereza."

Nilisema sawa. Njia nzima kuelekea Kikwe nilikuwa nayapanga maneno, na yalipangika vizuri kabisa. Waingereza walikuwa mbali, hakuna ambaye angewauliza.

Wanawake walikuwa wamekaa juu ya kreti zilizogeuzwa, ndani ya kibanda cha kukusanyia mboga. Wengine walikuwa na matope miguuni, wametoka kumwagilia.

"Shikamoo mama mkubwa. Shikamooni."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Tumesikia maharage yametupwa. Yalikuwa na nini?"

"Hayakuwa na kitu, mama mkubwa. Yalikuwa mazuri. Waingereza wametoka kwenye umoja wa soko waliokuwa nao na majirani zao. Zamani lori lilikuwa linapita tu. Sasa kuna mpaka."

"Walifukuzwa?" aliuliza mmoja.

"Hapana. Walipiga kura, wakachagua kutoka wenyewe."

"Na watu wa mpakani waliulizwa?"

Mama mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa, anasugua udongo kwenye kiganja. Kisha akaanza kusema, polepole, kama anayekumbuka mahali alipoweka kitu.

"Hata sisi tulikuwa na umoja. Jumuiya ile ya kwanza ya Afrika Mashariki, mimi nilikuwa msichana mkubwa. Mdogo wangu alikuwa fundi wa reli Nairobi. Alikuwa anakuja hapa mwisho wa mwezi kama mtu anayetoka Moshi. Kisha wakubwa wakakosana, Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa. Tulidhani ni wiki mbili. Baba akafariki mpaka bado umefungwa. Mdogo wangu alipata habari, akafika mpakani Namanga na nguo zake za msiba, akageuzwa. Tukamzika baba bila yeye."

"Alirudi lini?" niliuliza. Mjomba huyo nilimfahamu akiwa mzee tayari, mtu asiyeongea sana. Hakuna aliyewahi kunisimulia hilo.

"Walipofungua, baada ya miaka. Alikwenda moja kwa moja kaburini, hakupita hata nyumbani." Akafuta mikono kwenye kanga. "Kwa hiyo usituogope. Umoja ukivunjika tunajua. Anayeumia ni yule aliyekuwa anapita katikati."

Wanawake waliitikia kwa kuguna. Wangeinuka wakati ule, kila mtu angerudi kwake ameridhika. Lakini nilishindwa kukaa na ile huruma yao. Mama mkubwa alikuwa amenipa msiba wake wa kweli unifunike.

"Kuna jambo lingine," nilisema. "Mpaka upo, hilo ni kweli. Lakini walitutumia maelekezo mapema, mimi sikuyasoma yote. Nilijaza Uholanzi peke yake. Ningeomba cheti cha pili cha Uingereza, maharage yangepita."

Mwanamke mmoja kijana aliyekuwa ananyonyesha alinitazama.

"Kwa hiyo ni neno moja tu?"

"Ni neno moja."

Akageuza uso. Mwingine akacheka kidogo, kicheko cha kuchoka, akachukua jembe lake akatoka. Mama mkubwa hakunitetea. Alisubiri wenzake waondoke mmoja mmoja, ndipo akaniuliza:

"Bosi wako anajua?"

"Bado."

"Jumatatu uende ukamwambie. Usiniambie mimi kwa sababu ni mama yako, halafu kule ukanyamaza."

Jumatatu nilikwenda. Nilisema kabla sijakaa, nikiogopa nikikaa nitabadilisha. Bosi alifunga mlango. Alichezea kifuniko cha kalamu.

"Mimi nilikuuliza," alisema mwishowe. "Nilisimama pale mlangoni nikakuuliza."

"Ndiyo, bosi."

"Na mimi sikusoma vilevile. Nilikuona wewe unatosha." Akavuta kiti. "Lete hiyo barua. Tuisome wote."

Tuliisoma kuanzia saa mbili asubuhi mpaka chakula cha mchana, kila kiambatisho, na mahali tulipokwama tuliandika swali. Baadaye alinipa barua ya onyo, nikaisaini. Na wakulima walilipwa mzigo ule kama uliofika, jambo ambalo sikulitegemea na wala sikuliomba.

Kuanzia hapo nilijaza fomu mbili. Katoni za Uingereza zilitengwa na za Ulaya, zikawa na rangi yake, orodha yake, cheti chake. Sikukosea tena. Lakini hilo halikutosha. Lori lililokuwa likivuka kwa saa chache sasa lilisubiri, siku nyingine kidogo, siku nyingine sana, na haragwe halijui kusubiri. Mteja akaanza kupunguza oda ya Uingereza, kisha akaiacha kabisa. Tukabaki na soko la Ulaya peke yake, ambalo halikuweza kuchukua yote. Chumba cha baridi kikawa na meza tupu. Akina mama kadhaa waliokuwa wakichambua walirudisha makoti yao, wakaenda kutafuta kazi nyingine.

Kikwe, karibu nusu ya kikundi waling'oa maharage. Yule mwanamke aliyekuwa ananyonyesha alipanda vitunguu, na siku tulipokutana sokoni alinisalimia vizuri tu, akaniuzia bila kunipunguzia. Nilifurahi kuliko ambavyo angejua.

Mama mkubwa alivumilia misimu miwili zaidi. Kisha akanipigia simu nije nimsaidie, anaondoa yote apande nyanya. Nilifika asubuhi kutoka kwangu Lemara na nguo za shamba kwenye mfuko. Mlima Meru ulikuwa wazi hadi kileleni. Tuling'oa mstari kwa mstari; udongo ulikuwa bado na unyevu, mizizi ilikubali kwa kuvuta mara moja. Nilidhani atasema neno kuhusu Waingereza au kuhusu mimi. Alikuwa anatazama upande wa mfereji, kwa sababu zamu yake ya maji ilikuwa saa nne na jirani wa juu ya mfereji alikuwa bado hajamfungulia maji.

"Nenda kamwambie muda wake umeisha," alisema. "Msalimie kwanza."