Kidude cha Nyuma ya Televisheni

Hebu mwone kwanza akifika. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye ile haraka ya watu wafupi, anasukuma geti la bati la nyumba ya mama mkwe wake, Jumapili saa tisa alasiri. Kwapani amebana kibodi. Begani ana mkoba wenye bisibisi sita na waya uliojiviringisha. Sauti za waliomo ndani alikuwa akizisikia tangu barabarani. Geti lilipolia tu, zikakatika zote kwa pamoja.

Ukiingia mahali maneno yakakatika, unajua yalikuwa yako. Naye alijua. Alikuwa ameitiwa kikao, na kikao chenyewe kilihusu kidude kimoja kisichozidi mche wa sabuni, kinachokaa nyuma ya televisheni ya sebuleni. Alikileta yeye. Kwa wiki mbili neno lililozunguka katika ukoo wa mumewe lilikuwa moja: kile kitu kinatupeleleza. Akishindwa kuwaonyesha kwamba si kweli, kidude kitatupwa jalalani, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba yeye mwenyewe, baada ya miaka kumi na saba ya ndoa, atakuwa mtu ambaye akiingia, watu wananyamaza. Na siku ile walikuwa wameshaanza.

Wanamwita Mama Vidude. Jina hilo alipewa na mama mkwe wake huyo huyo, enzi za kutaniana. Kazi yake ni kukaa kaunta katika duka la kutengeneza ving'amuzi, vile visanduku vinavyoleta picha kwenye televisheni. Mwaka fulani mitambo ilibadilishwa, visanduku vya zamani vikawa havishiki kitu, na watu wakaviacha pale dukani vimelundikana hadi kwenye dari. Mwenye duka akasema vitupwe. Mama Vidude akakifungua kimoja wakati wa chakula cha mchana, kwa udadisi tu, akagundua jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemwambia: ndani ya king'amuzi mna kompyuta nzima, ndogo, iliyofundishwa kazi moja tu maisha yake yote.

Hakusomea hayo mahali popote. Alisoma kwenye simu, kwa watu asiowajua, wanaoandikiana mambo ya vidude usiku na mchana. Wakamwelekeza vidoa vitatu vya shaba kwenye bodi. Akachomelea nyaya tatu nyembamba kama nywele, akaziunganisha na kompyuta ya dukani. Wiki mbili nzima kidude kikamtolea alama zisizosomeka, kama mwandiko wa mtu mwenye homa. Kumbe tatizo lilikuwa kasi: kidude kinaongea haraka kuliko anavyosikiliza. Alipobadilisha kasi, maandishi yakatoka yamenyooka. Kidude kilikuwa kinajitambulisha: mimi ni fulani, kumbukumbu yangu ni kiasi hiki, nasubiri amri. Mama Vidude, peke yake pale kaunta, akajikuta ameitika, "Naam."

Kutoka hapo hakurudi nyuma. Alikitia Linux, ule mfumo wa kompyuta usiouzwa, ambao yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuuchungulia ndani. Kidude cha kwanza alikiweka kwake, kikatunza vitabu vya shule vya wanawe. Cha pili kikaangalia umeme wa jokofu la jirani. Cha tatu ndicho hiki cha ugomvi.

Kilianza kwa machozi. Simu ya mama mkwe ilizama kwenye ndoo ya maji ya kudekia, ikafa na picha zote za marehemu baba mkwe, ikasalia ile moja ya ukutani ambayo marehemu mwenyewe alikuwa haipendi. Mama mkwe alilia siku mbili. Ndipo Mama Vidude akatengeneza kidude: simu ya mwanafamilia ikiingia ndani ya nyumba hii inakiamkia, inakiachia nakala ya kila picha mpya, basi. Akawaendea ndugu wa marehemu, akakusanya picha za marehemu, akazipanga humo. Kwenye simu ya kila mmoja akaweka kinachohitajika, akawaeleza, nao wote wakasema sawa.

Hapo ndipo kosa lilipo, na sisemi hivi kumsuta. Walisema sawa kama watu wanavyosema sawa kwa maandishi marefu ya kwenye simu, ili waendelee na mambo yao. Yeye akalichukua lile sawa kama kiapo. Hakuuliza picha zipi.

Sasa turudi sebuleni.

"Karibu, mkwe," mama mkwe alisema bila kumtazama. "Kaa. Kile usikiguse kwanza."

Kidude kilikuwa kimefunikwa kitambaa cha mezani, na juu ya kitambaa umewekwa mkebe wa biskuti, kisije kikainuka. Walikuwapo mumewe, dereva wa lori, kwenye kiti cha karibu na mlango. Alikuwapo shemeji yake, mdogo wa mumewe, karani wa ofisi moja ya mjini, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi. Na mlangoni amesimama mshonaji aliyepanga chumba cha mbele, futi ya kupimia imemning'inia shingoni. Hakualikwa, lakini hakuna aliyemfukuza.

"Shemeji, sisi hatukushutumu," karani akaanza. "Tunauliza tu. Kile kitu kinamripoti nani?"

"Hakimripoti mtu, shemeji. Hakivuki hata geti."

"Mbona taa yake inawaka mama akiongea?"

"Inawaka hata akinyamaza."

"Nani kati yenu amewahi kumwona mama amenyamaza?" mume akauliza, na hata mama mkwe akacheka kidogo kwa puani, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

"Wewe cheka," alisema. "Nilimwambia dada yangu kwenye simu, hapa hapa nilipokaa, kwamba nakitaka chumba changu cha mbele. Tulikuwa wawili. Kesho yake huyu," akamwonyesha mshonaji kwa kidevu, "ananiuliza anatakiwa kuhama lini. Mimi sikumwambia. Dada yangu anaishi mbali, safari ya siku nzima. Amebaki nani?"

"Mama, cherehani yangu iko chini ya dirisha lako," mshonaji akasema. "Ulipoongea kwenye simu, hata mteja wangu alisikia. Alinipa pole."

"Unamtetea kwa sababu alikutengenezea pasi."

Mama Vidude hakubishana. Aliondoa mkebe, akaondoa kitambaa, akachomoa kidude, akakifungua kwa bisibisi mbele yao, akakipitisha mkono kwa mkono kikiwa uchi. Mama mkwe akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza kama anayechambua mchele.

"Sikio lake liko wapi?"

"Halina, mama."

"Jicho?"

"Halina."

"Sasa picha zinaingia kwa mlango gani?"

"Zinaletwa na simu zenu wenyewe. Tulikubaliana. Mlisema sawa."

"Zote? Hata za jana?"

"Kila iliyopigwa na simu iliyoingia humu."

Mama mkwe akamrudishia kidude. Hasira ilikuwa imeanza kushuka. Mtu angeweza kuleta chai. "Basi washa tuzitazame," akasema. "Zote, toka mwanzo. Tuone kama ni kweli."

Karani akajikohoza. "Mama, picha za mtu ni mambo yake ya ndani. Hapana, mimi naona tuishie hapa. Shemeji ametueleza vizuri, tumemwelewa."

Nikuambie alichokuwa nacho moyoni Mama Vidude wakati huo. Kidude kina daftari lake: simu gani imekuja, saa ngapi, imeacha picha ngapi. Hilo hulipitia kila wiki, kama anavyoangalia fundi maji mita. Na wiki mbili nyuma, siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, wakati mama mkwe yuko kliniki, simu ya shemeji iliingia nyumba hii ikaacha picha kumi na moja. Jioni ya siku hiyo hiyo shemeji akampigia. Mtu ambaye hajawahi kujua hata betri ya rimoti inaingia upande gani, akamuuliza, "Hivi shemeji, ukifuta picha kwenye simu, kule kwenye kidude nako hufutika?" Akamjibu, "Hapana, kule hubaki. Ndiyo kazi yake." Siku tatu baadaye neno la upelelezi likaanza kusikika, na lilianzia kwa karani.

Alishuku. Nani asingeshuku? Lakini picha zenyewe hakuzifungua. Kaunta ilimfundisha hilo: mteja anakuachia kitu chake kikiwa wazi, wewe unafanya kazi kama uliyefumba macho. Siku utakayofumbua jicho moja tu, hufai tena.

"Nitafungua za anayeniruhusu," akasema.

"Zangu fungua," mume akasema. "Utachoka kuona matairi."

"Zangu pia," alisema mama mkwe.

Wote wakamgeukia karani. Akarekebisha kola ambayo haikuwa na kasoro. "Mimi nimeshasema. Ni suala la heshima."

Mama mkwe alimtazama mwanawe, kisha akamgeukia mkwe wake.

"Wewe unajua kilichomo kwenye zake?"

"Sijui, mama."

"Unaweza kujua?"

Mama Vidude angeweza kusema uongo pale, na mambo yakaisha. "Naweza. Neno la siri la kufungulia ninalo mimi."

"Basi unajua," mama mkwe alisema.

Akanyoosha mkono, akadai ile kadi ndogo ya kumbukumbu iliyokaa ndani ya kidude, akaifunga kwenye pembe ya leso, mafundo mawili. Kikao kikaisha hivyo. Chai haikuletwa.

Jumanne karani alikuja dukani. Akasimama kaunta kama mteja, akangoja mwenye king'amuzi kibovu aondoke.

"Shemeji, mama atakuletea ile kadi. Mimi namjua. Ikifika, futa za kwangu za Alhamisi ile. Usizitazame, zifute tu."

"Ni za nini?"

"Nataka kumfanyia mama jambo zuri la kushtukiza. Ukiziona utaharibu."

"Na jambo zuri linafutwaje, shemeji?"

Karani akatabasamu kwa midomo. "Ndiyo maana watu wanakuogopa," akasema, akaenda zake.

Ijumaa mama mkwe akaja mwenyewe. Mwanamke ambaye kwa magoti yake hatoki nje ya geti isipokuwa kliniki na misibani, alikuja mpaka dukani, akakalia kiti cha wateja, akafungua leso juu ya kaunta.

"Alhamisi ile ya wiki tatu nyuma, nilipokuwa kliniki," akasema, "droo yangu ya makaratasi ilifunguliwa. Karatasi za nyumba zilikuwa zimerudishwa, lakini si nilivyoziacha. Mshonaji anasema alimwona mdogo wa mumeo. Nifungulie picha zake."

Msomaji wangu, neno la siri lilikuwa herufi kumi na nne. Vidole vilikuwa vinalijua.

"Mama, tumpigie kwanza. Aje, afungue yeye mbele yako."

Wakampigia. Simu ikaita mpaka ikakatika. Wakarudia. Mara ya tatu ikawa imezimwa.

"Umeona?" mama mkwe akasema. "Fungua."

"Mama, nikifungua za kwake leo kwa sababu yako, kesho mwingine ataniambia nifungue za kwako."

"Mimi sina cha kuficha."

"Wala sijasema unacho."

Akaingiza kadi kwenye kompyuta. Kila mtu ana mfuko wake humo, wenye jina. Akanakili mfuko wa mama mkwe na wa marehemu kwenye kadi mpya, bila kufungua hata picha moja, kazi ya nusu saa. Mama mkwe alikaa upande wa pili wa kaunta. Alichoweza kuona ni mgongo wa kioo tu, na uso wa mkwe wake ukimulikwa. Ilipokwisha, Mama Vidude akampa kadi zote mbili. "Hii mpya iko wazi, utaitazama kwenye televisheni. Hii ya zamani imefungwa kama ilivyokuja. Za kwake sikuzigusa. Na zile karatasi za nyumba, mama, zitoe kwenye droo ile leo hii, uzipeleke kwa mtu wa sheria azitunze."

Mama mkwe akazifunga zote mbili kwenye leso. "Nusu saa," akasema taratibu. "Nusu saa umekaa nazo, macho yako kwenye kioo. Halafu unaniambia nihamishe karatasi. Mtu asiyeona kitu hutoa ushauri kama huo?"

Karatasi alizihamisha. Nyumba ipo, na yeye yumo. Picha kumi na moja ziko ndani ya leso, na mpaka leo, zaidi ya aliyezipiga, hakuna ajuaye ni za nini. Kidude, sasa kikiwa na ile kadi mpya, kinawaka taa yake nyuma ya televisheni, na jioni za Jumapili marehemu hupita kwenye kioo akicheka na kofia yake. Lakini Mama Vidude akiingia, mama mkwe hugeuza simu yake kifudifudi. Anaamini mkwe aliona, akamficha ili kumlinda shemeji yake. Shemeji naye anaamini aliona, anaziweka zije zimfae siku moja. Kwa hiyo amekuwa mpole kupita kiasi, anampigia kumuuliza hali, anambebea mkoba mpaka getini, na kila akimshukuru anamtazama usoni sekunde moja zaidi ya inayotakiwa.

Juzi mumewe, mtu wa matairi, alikuwa akinawa mikono bombani. Akamuuliza bila kugeuka, "Lakini kweli, mke wangu. Mimi sitamwambia mtu. Uliona nini?"

Sasa niambie wewe, kwa sababu mimi nimeshindwa kumsaidia: mtu ambaye hakutazama, na angeweza kutazama, anaonyesha nini ili aaminiwe?