Yosefu wa Rangi ya Geti

Jumamosi iliyopita nilikwenda kufagia stoo ya nyuma ya kanisa letu hapa Makanyagio, nikamkuta Mtakatifu Yosefu amepulizwa rangi ya geti. Sitanii. Ile ile ya dhahabu inayowekwa kwenye ncha za mageti ya watu wenye hela. Ndevu dhahabu, kanzu dhahabu, mpaka kandambili dhahabu. Macho amechorewa kwa maka peni, moja linaangalia Mwese, lingine linaangalia stendi.

Wenzake wa pango la Noeli walikuwa wamepangwa mstari juu ya gazeti: Maria, mtoto, malaika, wachungaji wawili, kondoo wanne, punda na ng'ombe. Vijisanamu vya udongo, hakuna kinachozidi kiganja. Hao walikuwa hawajaguswa, bado wana rangi aliyowapaka bibi yangu. Fundi alikuwa amemjaribu Yosefu kwanza, kamati ikiridhika awamalize wote siku hiyo hiyo. Kamati inakuja saa nne. Nikabaki nimeshika fagio, kufagia siwezi.

Kama ulikulia mtaa wetu, baraza ya bibi wakati wa Majilio unaikumbuka. Mimi nilikuwa darasa la pili. Mvua ikishika, kuni zinatoa moshi kuliko moto, ndani kunachemka uyoga wa karanga, na nje bibi amekaa kwenye mkeka na vile visanamu alivyovifinyanga mwenyewe na kuvichoma kwa pumba za mpunga. Rangi ilikuwa ya mafuta, mabaki ya makopo aliyookota kwa mafundi, anaichanganyia kwenye kigae. Nguo alipaka kwa unyoya wa kuku. Macho alitumia kijiti cha ufagio kilichofungwa manyoya matatu ya mbuzi. Matatu tu, mimi ndo nilikuwa nahesabu. Akifika kwenye jicho anaacha kupumua, na mimi naacha, na kama jirani anapiga hodi anasubiri hapo hapo getini mpaka jicho liishe.

Alifanya kazi asubuhi tu. Mchana alisema mwanga unadanganya.

Ng'ombe ndo alimtesa. Jirani yetu wa wakati ule, mama wa maziwa, alikuwa Msukuma, wamekuja huku na mifugo yao, na bibi alikuwa anamwita makusudi aje kukagua. Huyo mama anaweka ndoo chini, anamshika ng'ombe wa udongo, anamgeuza tumbo juu.

"Mayu," anamwambia bibi, maana ndivyo alivyomwita mama yake pia, "huyu ng'ombe gani? Baka jeupe linakatikia mgongoni hivi? Huyu kachorwa na mtu wa kunywa chai ya rangi!"

"Basi nionyeshe linapokatikia."

"Nikuonyeshe? Njoo zizini uone, miguu si unayo!"

Bibi hakununa. Alichukua kisu, akakwangua, akaanza upya. Mara tatu. Mara ya nne yule mama akamtazama ng'ombe muda mrefu, akacheka. "Huyu namjua. Huyu wa shemeji yangu wa Kasekese, anapiga teke huyu." Bibi akampakulia uyoga. Hicho ndo kilikuwa cheti chake, hakuwa na kingine.

Mwaka ule mvua haikukatika na rangi ya Yosefu ikagoma kukauka. Katekista akaja kumchukua hivyo hivyo, bibi akakataa. "Mbichi haitoki hapa." Noeli ikasaliwa pango halina baba. Watu walicheka mpaka nje: Yosefu kaenda machimboni, kamwachia Maria mtoto mchanga, kama wanaume wa hapa. Siku ya tatu akafika, mkavu, na kila kunyanzi la kanzu lina kivuli chake. Hata mgongoni alipakwa, upande unaoegemea ukuta wa pango.

Sisemi zamani kila kitu kilikuwa safi. Malaika wa bibi ana miguu mifupi kama yangu, na punda ukimwangalia vibaya ni mbuzi. Ila bibi alijua kuwa punda kamshinda, na alikuwa anaona aibu. Hawa wa siku hizi aibu hawana. Ukiniuliza kama viwango vimeshuka nitakujibu kwamba kushuka ni lazima uwe ulipanda. Huyu fundi, aliyekuwa pale stoo akingoja kamati, anapaka madigadi ya bodaboda na vibao vya saluni, ana tisheti imeandikwa nyuma kwamba yeye ni msanii, na mkononi ana makopo mawili ya kupuliza. Brashi sikuiona. Alinionyesha kwenye simu pango alilopaka mahali pengine, kwa kujisifu kabisa. Kondoo wana meno. Mchungaji ana sura ya mtu aliyepigwa shoti akiwa anapiga pasi.

"Hii sasa ndo kazi ya kiprofesheno," akaniambia. "Dakika mbili, kitu kinang'aa. Zamani walikuwa wanapakapaka tu."

Wanapakapaka. Nilimdharau mpaka masikio yakawa ya moto. Mimi huwa sijibu watu, nakuja kuandika kwenye daftari.

Saa nne mama mwenyekiti wa kamati akaingia na katekista. Mama akampokea Yosefu kwa mikono miwili. "Jamani, anametameta!" Basi, na yeye nikamdharau. Katekista ndo alisita. Akamnyanyua ng'ombe, akamwangalia yule fundi, akaniangalia mimi.

"Huyu binti si mjukuu wa yule bibi aliyevipaka?"

"Ndiye," mama akasema. "Eti mwanangu, nyie vijana ndo mnajua ya kisasa. Amependeza, hajapendeza?"

"Sema ukweli," katekista akaniambia. "Ukisema tuviache, tunaviacha. Fundi tutampa ubao wa matangazo apake."

Fundi mwenyewe akainua mabega, kwake sawa tu. Wote watatu wakanisubiri. Hakuna aliyenikazia macho, hakuna aliyekuwa na haraka. Ng'ombe alikuwa kwenye kiganja cha katekista, baka lake linakatikia pale linapotakiwa. Nilikuwa na maneno yote, haya haya unayoyasoma.

"Amependeza," nikasema.

Fundi akatikisa kopo. Nilifagia mpaka alipomaliza.

Jioni nikamkuta bibi jikoni anamenya karanga kwa kupapasa, maana macho yameingia ukungu, jicho la kisanamu hawezi tena hata kuliona. Nikamwambia vyote vimepulizwa dhahabu.

"Walipiga msasa kwanza?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Alipuliza juu ya vumbi, bibi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nyie! Mafuta ya zamani, juu yake kopo, msasa hamna! Hawa hata kuharibu hawajui. Itabanduka kabla ya Pasaka." Akajipangusa machozi kwa khanga, akaendelea na karanga, na bado anacheka peke yake.

Labda ni kweli itabanduka. Lakini mtu wa kushika kazi mbovu na kuiambia mbovu mbele ya mwenyewe, huyo sijui tutampata wapi. Mama wa maziwa alishahama na ng'ombe wake. Bibi hatoki tena.

"Na katekista naye aliwaacha tu?" akaniuliza. "Nilidhani yule ana akili. Mpumbavu kumbe."

Nikachukua konzi ya karanga kwenye ungo wake, nikaanza kumenya. Nikamwacha amtukane katekista.