Hakuna Aliyefuta Kitu Bwejuu

Ripoti ilisema kompyuta ya Bwejuu haina rsync, programu yetu ya kunakili mafaili. Mkuu wangu, ofisini Michenzani, akaisoma kwa sauti na kukata shauri: kina mama wameifuta, mashine irudi mjini. Kina mama hao ni wakulima wa mwani. Ndani ya mashine ile wamerikodi bibi zao wakizungumza Kimakunduchi, lahaja ya kwao, na ikiondoka, kazi hiyo imekufa. Nilipandwa na hasira. Programu ile niliiweka kwa mikono yangu.

Nikaenda Bwejuu; habari ya shutuma ilikuwa imeshanitangulia. Bi, mkubwa wa kikundi cha kina mama hao, aliitikia shikamoo yangu shingo upande.

"Mwanangu, sisi hatukufuta kitu."

Nikaketi mbele ya mashine. Skripti yetu, orodha ya amri iliyotuma ile ripoti, kabla ya kunakili huuliza kama rsync ipo, na hutumia `which`, kiprogramu cha kutafuta programu nyingine. Nikaandika `which`. Mashine ikasema haiijui amri hiyo. Mfumo wake mwepesi haukuja nayo. Basi! Ni kama kumtuma jirani akapige hodi kwa Bi Fulani, kumbe jirani mwenyewe kahama, nawe unatangaza mtaa mzima kuwa Bi Fulani hayupo. Nikaandika `command -v rsync`, nikaiuliza sheli yenyewe, ile inayopokea amri, bila mjumbe. Ikajibu: `/usr/bin/rsync`. Ipo pale pale nilipoiweka.

Nikampigia mkuu simu.

"Hiyo which nnaitumia tangu hujazaliwa," akasema. "Inafanya kazi kila mahali."

"Bwejuu nako ni mahali."

Akaniambia nirekebishe huo mstari, nirudi, yaishe. Mstari nilikuwa nimeshaurekebisha. Lakini yaishe vipi, na watu wamesingiziwa kijiji kizima kikasikia? Nikamwambia sirudi mpaka azungumze na Bi mwenyewe, na kama ni kazi yangu anaitaka, aichukue. Nikafungua spika, nikampa Bi simu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba."

Mkuu akauliza hali za watoto. Akauliza mwani. Bi alikaa na simu mkononi tu, wenzake wamemzunguka, mpaka yule bwana akaishiwa na maneno yote, akabakiwa na moja.

"Nisameheni."

"Sema kwa nguvu," Bi akamwambia. "Tuko wengi hapa."