Ukitaka Barua kwa Mama Hevu, Sema Kwanza Ulichofanya

Saa moja na robo asubuhi, chini ya ngazi za jengo la ghorofa mbili, mpishi mmoja wa makamo amekaa kwenye stuli ya plastiki. Anahojiwa kama mtu aliyeiba kuku.

"Umefanya kazi gani?"

"Nimepika."

"Umempikia nani?"

"Watu."

"Watu wangapi, mama yangu? Wawili? Mia mbili?"

Mpishi anahesabu kwa vidole, vidole vinamwishia. "Bweni lile lilikuwa na wasichana mia na themanini. Miaka mitatu."

"Na wote walikula wakasalimika?"

"Wee! Mwaka ule maji yalipochafuka, mtaa mzima uliharisha. Bwenini kwangu hakuugua hata mmoja. Nilikuwa nachemsha mpaka maji ya kuoshea vyombo."

Muulizaji anapiga meza kofi. "Na hilo ulitaka uende nalo kaburini? Hilo ndilo tunaloandika!"

Hapo ndipo vidole vinaanza kukimbia kwenye kibodi. Kabla ya hapo hajagusa hata herufi moja.

Huyo ndiye Mama Hevu, mchapaji wa barua za kuomba kazi, umri miaka arobaini na moja. Ofisi yake ni hiyo kona ya chini ya ngazi. Mtu mrefu akiingia anainama kama anaomba msamaha. Ana kompyuta moja, printa yenye kikohozi, na kibodi ambayo herufi zake zote zinasomeka isipokuwa V. Hiyo imefutika kabisa, imebaki kipara.

"Piga hesabu mwenyewe," anasema. "Barua moja ya Kiingereza ina 'I have' mara sita, saba. Have, have, have, miaka kumi na mitatu. Ingekuwa soli ya kiatu, ningekuwa natembea pekupeku."

Jina lenyewe limetoka humo humo. Akichapa huwa ananong'ona, na mteja asiyejua Kiingereza husikia hevu, hevu, hevu tu. Wengine humwita Hevu Dani, maana baada ya have neno linalofuata mara nyingi ni done. Nimefanya hiki, nimefanya kile.

"Hiyo 'I have done' ni sufuria tu," anasema. "Sufuria ninayo mimi, na naazimisha kila mtu. Mboga ulete mwenyewe. Ukija mikono mitupu, nitakupakulia nini? Mvuke?"

Siku nzuri anaandika barua kumi na mbili. Siku mbaya ni mbili, na kivuli cha watu wanaopita kwenda ghorofani. Katika kila barua kumi, tatu huliwa na kodi ya kona, mbili na karatasi na wino. Zinazobaki ndizo zinazomlisha yeye, wanawe wawili na mama yake mzazi.

Shule aliiacha kidato cha pili, baba yake alipopooza. Kuchapa alifundishwa na katibu muhtasi mmoja mstaafu aliyekuwa mkali kama pilipili kichaa. Ukiangalia vidole, anakufunika mikono kwa kitambaa cha sahani. Kiingereza alikiokota barua kwa barua, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika.

Lakini haya maswali yake, zamani hakuwa nayo.

Zamani alikuwa na barua moja tu ndani ya kompyuta. Ilikuwa tamu, imenyooka: nimefanya kazi nyingi, kwa bidii nyingi, na watu wengi. Mteja akija, anafuta jina la jana, anaweka la leo, printa inakohoa, kwaheri. Dakika tatu.

Miaka sita iliyopita kiwanda cha maji ya chupa kikatangaza nafasi. Watu kumi na mmoja wa mtaa mmoja wakapanga foleni kwake. Wote akawapa sufuria ile ile.

Meneja wa kiwanda akawaita wote siku moja, akawapanga, akachukua barua moja akaisoma kwa sauti. Akauliza, "Hii ni ya nani?"

Mikono kumi na mmoja ikapanda juu.

"Waliponisimulia nilicheka mpaka machozi," anasema Mama Hevu. "Kisha nikaona kuna mmoja hacheki."

Alikuwa mdogo wake wa mwisho, naye mmoja wa wale kumi na mmoja. Fundi wa kuchokonoachokonoa mashine tangu utotoni, mtu wa maneno machache. Tangu siku ile hakuomba kazi tena popote. Wakimwuliza anafanya nini siku hizi, anajibu, "Nipo tu." Sasa ana miaka thelathini na minne, bado yupo tu, kwenye chumba cha nyuma katika nyumba ile ile ya kupanga anayoishi dada yake.

Na leo ndiyo siku yenyewe. Kiwanda kile kile kinataka fundi wa pampu. Meneja ni yule yule. Barua zinapokelewa getini mwisho saa sita mchana, na ya mdogo mtu haijaandikwa hata mstari mmoja.

Amekuja kwa sababu mama yao amemtishia kususia chakula. Amekaa mwisho wa foleni, kofia usoni, akiwapisha hata waliokuja baada yake. Saa nne na nusu zamu inamfikia, hana tena wa kumpisha. Mpishi bado yupo pembeni, anaisoma barua yake kwa mara ya tano huku akitabasamu.

"Haya, mdogo wangu. Umefanya nini?"

"Dada, usinianze. Chapa tu zile zako."

"Zangu zipi?"

"Za watu kumi na mmoja."

Mpishi anainamisha uso kwenye karatasi yake kama aliyepoteza sindano.

"Lile lilikuwa kosa, nimeshakuambia mara ngapi?"

"Hujawahi kuniambia."

Printa inakohoa, inanyamaza. Mama Hevu anakumbuka nyuma, mwezi kwa mwezi, sikukuu kwa sikukuu. Ni kweli. Amemtania, amemsukuma, amempikia, amemnunulia mashati ya usaili ambao hakwenda. Kumwambia, hajawahi. Kinyozi hajinyoi, aliyeuliza maelfu ya watu walichofanya, la kwake alilikalia miaka sita.

Anaisukuma kibodi kando.

"Basi nisikilize, na huyu mama ni shahidi. Nimekukosea. Nilibadilisha jina tu. Sikukuuliza hata swali moja, wewe tuliyenyonya ziwa moja. Nilikuandika kama mtu nisiyemjua. Nisamehe."

Mdogo mtu anavua kofia. Anaizungusha mikononi, anaizungusha tena.

"Pampu," anasema mwishowe.

"Pampu gani?"

"Ya kisima cha pale nyumbani. Unadhani inajitengeneza?"

"Si kuna fundi wa mwenye nyumba?"

"Fundi wa mwenye nyumba alihama miaka minne iliyopita, dada. Wewe unatoka alfajiri, unarudi jua limezama, maji unayakuta."

Maneno yanaanza kutoka kama bomba lililozibuliwa, kwanza kutu, kisha maji. Mama Hevu anairudisha kibodi, anachapa. Milango arobaini na sita inategemea kisima kile. Mara mbili amebadilisha beringi. Mota iliungua, akaisuka upya waya kwa mkono, siku tatu. Malipo yake ni asante, na soda siku ya bahati. Kuna siku washa, kile kipete cha mpira kinachozuia maji yasivuje, ilikatika na maduka yamefungwa. Akakata nyingine kutoka kwenye kandambili. Ikashika wiki mbili mpaka ya kweli ikapatikana.

"Kandambili ya nani?" Mama Hevu ameacha kuchapa.

"Ile ya buluu."

"Yangu? Mguu mmoja uliopotea? Wewe! Nilimsingizia mbwa wa jirani mpaka tukanuniana!"

Mpishi anacheka mpaka stuli inalia.

Saa tano na dakika ishirini barua inatoka. Mama Hevu hamwachii mtu barua mpaka aisimulie kwa maneno yake, mstari kwa mstari, kama anamhadithia shangazi. Mdogo mtu anasimulia bila kukwama, kisha anashtuka.

"Na kandambili umeiandika?"

"Nimeiandika."

"Utaniaibisha."

"Kati ya barua zote zitakazofika pale getini leo, niambie nyingine yenye kandambili. Nenda, saa zinakimbia!"

Saa sita kasoro dakika tano mlinzi wa kiwanda akaipokea.

Siku nane baadaye simu ikalia, mdogo mtu akaitwa kiwandani. Meneja hakumsomea mtu barua safari hii. Aliweka pampu mbovu juu ya meza, akamtazama fundi, akasema, "Kandambili sina, lakini bisibisi hizi hapa." Pampu ikanguruma kabla chai ya meneja haijapoa. Sasa fundi yuko wiki ya tano ya majaribio ya miezi mitatu. Akiulizwa anafanya nini siku hizi, anasema, "Niko kazini, nitakupigia."

Mama Hevu naye ana mpango. Ghorofa ya kwanza kuna chumba cha stoo kilichojaa viti vibovu, na nusu ya kodi ya kuanzia ameshaiweka pembeni. Hataki kompyuta ya pili wala bango kubwa. Anataka mlango.

"Watu wanaona haya kusema mazuri yao mbele za watu," anasema. "Mabaya yao wataropoka mpaka barabarani, lakini wema wanauficha. Mtu akikaa ndani, mlango umefungwa, atasema. Kitasa fundi wangu ameahidi kukifunga mwenyewe, bure."

Chini ya meza miguu yake ina kandambili mpya za buluu, zote mbili. Mbele yake amekaa msichana aliyefunga mikono kifuani, sauti yake haisikiki vizuri.

"Mimi kusema kweli, mama, sijafanya kitu."

Mama Hevu anaivuta stuli yake karibu, kibodi haigusi.

"Hivyo husema wote, mwanangu. Hebu niambie: kwenu akiugua mtu, anaamka nani?"